Ua wa Zereshki

Kijiji chetu kipo nyanda za Qaen,
ambako mvua huja kama mgeni mwenye haraka,
hafungui hata mzigo.
Huko ndiko mama alikopanda ua.

Si ua la kunusa. Ua wa kuzuia.
Mbuzi wa Heidargholi walikuwa wamemaliza vitunguu vyake,
na mwenyewe, alipoambiwa, akasema
mbuzi hajui kusoma hati ya shamba.
Mama hakumjibu. Alikwenda kwa dada yake, kijiji cha pili,
akarudi na machipukizi arobaini ndani ya gunia bichi,
maana zereshki yetu haina kokwa,
haipandwi kwa mbegu: huombwa,
hung'olewa shinani pa mama yake, na udongo wake.
Mizizi ilipokwaruzwa ilikuwa manjano ndani,
manjano ile ile ya sufu ya zulia letu.

Miaka mitatu hapakuwa na kitu ila miiba,
mitatu mitatu, kama uma.
Wa nne, ua ukatoa maua,
madogo, yananing'inia kama vipuli vya mtoto.
Mbuzi wakanusa, wakarudi nyuma.
Siku hiyo nilimsikia mama akicheka peke yake.

Umande ulipoanza kuganda alfajiri
tulitandika mashuka makuukuu
tukapiga matawi kwa fimbo, polepole,
kama umpigavyo mgongoni mtoto aliyepaliwa.
Punje nyekundu zikamwagika.
Nusu kwetu.
Nusu kwa Heidargholi,
aliyesimama na gilasi ya chai, anatazama.
Hakuinama.
Jioni, mkewe aliinama.

"Zereshki haina subira," mama alinifunza jikoni,
mikono yake imechorwachorwa hadi viwikoni.
"Iloweke maji baridi, usiikoroge,
mchanga utazama wenyewe.
Siagi kidogo. Moto wenye haya.
Sukari, ili ukali wake usikufumbe jicho.
Ikivimba ikang'aa, ipua.
Ukigeuka kumjibu mtu mlangoni
umekwisha pika makaa."
Kisha wali, mvuke, zafarani iliyosagwa,
kuku chini, wekundu juu,
na ukoko ambao sisi watoto tuliugombania
kuliko baba zetu walivyogombania maji.

Miaka saba hivyo.
Heidargholi alikufa katikati ya baridi,
njia zimezibwa na theluji.
Siku ya pili Turandokht, mjane wake, alikuja,
akazunguka ua mzima, kwani hatukuwahi kuacha pengo,
na beseni kichwani, mifuko saba ya kitambaa.
Kila mfuko na mwaka wake:
punje zilizokaushwa kivulini,
zimechambuliwa hadi kijiti cha mwisho.

"Alinikataza kuzipika," alisema.
"Alisema, mbuzi hajui hati. Mimi najua."

Mama aliufungua wa zamani kuliko yote.
Zereshki zilikuwa zimeiva kwa uzee, nyeusi,
za aina ambayo siku nyingine humwagiwa kuku wakiwa hai.
Akaziloweka. Akangoja mchanga uzame.
Hakukuwa na mchanga.
Akakaanga mifuko yote saba, na mtu alipoita mlangoni
hakugeuka.

Wali wa matanga ulikuwa na rangi ya jioni
na uchungu kidogo nyuma ya ulimi.
Kijiji kizima kilikula, wala hakuna aliyeuliza.
Ukoko mama aliubandua mwenyewe, mzima, bila kuuvunja,
akaufunika, akavaa viatu vya baba,
akazunguka ua.

Theluji ilipoyeyuka nilimletea shoka,
nikidhani atataka njia ikatwe katikati.
Alinitazama kama nimechoka akili.
"Ua ni ua," alisema. "Mbuzi wangali hai."

Ila umande ulipoganda tena
fimbo alinipa mimi,
akaenda kusimama upande wa pili,
na Turandokht,
kila mmoja na pembe zake mbili za shuka.